Maneno 5,000 kabla ya KCSE: jibu kwa mwanafunzi wa Langoni

*Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Langoni, Lamu, na nasoma shule ya kutwa. Nimejiwekea lengo la kujua maneno 5,000 ya Kiingereza kabla ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Kila siku nachukua maneno 30 nisiyoyajua kwenye kamusi, nayaandika pamoja na maana yake ya Kiswahili. Nilianza na A, sasa niko D, na daftari la pili linakaribia kujaa. Lakini mtihani wa kufungua muhula nimepata 9 kwa 20 katika insha. Mwalimu amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi niliyoipenda kuliko zote: "My mother perambulated to the market with alacrity." Pembeni ameuliza ni nani asemaye hivi. Maneno yote yamo kwenye kamusi, kosa langu ni nini? Na je, niache Kiswahili na Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, nyumbani ili Kiingereza kiingie? Nataka kuwa nesi. Baba ameahidi kuninunulia kamusi kubwa kabisa. Anunue?*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nimefundisha Kiingereza miaka 27, kwanza Malindi kisha Lamu, na sentensi za namna hiyo nimezipigia mstari mwekundu nyingi sana. Kila mara mwenye daftari alikuwa mwanafunzi wa bidii. Mvivu haandiki "perambulated". Mvivu huandika "went", akapata 11 yake bila jasho, akaenda kuogelea. Najua inauma.

Tuianze hiyo hiyo sentensi. "Perambulate" si kwenda mahali. Ni kutembea ndani ya eneo, kulizunguka huku na huku, kama mlinzi wa shamba anavyozunguka usiku. Kwa ulivyoandika, mama yako hakufika sokoni. Pengine bado yuko njiani anazunguka. "Alacrity" nayo ni ule wepesi wa moyo wa mtu anayeitika jambo kwa hamu. Waingereza huiweka karibu na "accept", "agree" au "respond": fulani alialikwa, akakubali mara moja na kwa furaha. Kamusi yako ya mfukoni ilikupa "tembea" kwa neno la kwanza na "wepesi" kwa la pili, ukayaunga, ukapata mama anayetembea upesi. Kiswahili chako kichwani kilikuwa sawa kabisa. Kiingereza kilichotoka karatasini ndicho kilichokwenda upande.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo mwalimu wako alilokuwa akiuliza. Tuseme maana zingekuwa sahihi. Bado nani husema hivi? Fikiria mtoto amekuja mbio barazani akasema, "Punda wa ami amefariki dunia saa nne asubuhi." Baraza zima litaangua kicheko, na ami mwenyewe, pamoja na hasara yake, atacheka. Kufa na kufariki kamusi inazifanya neno moja. Watu hawazifanyi neno moja. Punda hufa. Mtu ndiye hufariki, na hata kwa mtu hutegemea unasema na nani na wapi. Hili hukulisoma popote, umelinyonya na maziwa. Kiingereza kina mambo kama hayo maelfu, nawe hukukinyonya, ndiyo maana itakubidi uyatafute kwa macho.

Kuna sababu ya kihistoria, na mimi huwaambia wanafunzi wangu kwa sababu inawapunguzia uchungu. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza wakaitawala. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walisema Kifaransa na wakulima wakasema Kiingereza. Aliyemlisha ng'ombe alimwita "cow". Aliyemla mezani aliita nyama yake "beef". Kondoo malishoni ni "sheep", kwenye sahani ni "mutton". Juu ya hayo wanazuoni wakaleta Kilatini moja kwa moja kutoka vitabuni. Ndipo lugha ile ikabaki na tabaka, kama nyumba ya ghorofa: chini "ask", juu yake "question", juu kabisa "interrogate". Chini "buy", juu "purchase". Chini "begin", juu "commence". Anayesimulia habari za mama yake na soko anakaa chini, barazani. "Perambulate" ni neno la ghorofani. Ulilishusha uani likiwa limevaa joho.

Sasa lengo lako. Maneno 5,000 ni mengi au machache? Inategemea unahesabu nini. Wanaochunguza mambo haya hawahesabu neno moja moja, huhesabu koo za maneno. Soma, somo, msomi, somesha, kisomo: huo ni ukoo mmoja, na mtoto aliyejua "soma" hayo mengine hayamtishi. Vivyo hivyo "help", "helper", "helpful", "helpless". Mwaka 2006 Paul Nation wa New Zealand alipiga hesabu ya mtu anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kusaidiwa, akielewa maneno 98 katika kila 100. Alikuta anahitaji koo kati ya 8,000 na 9,000. Kwa hiyo lengo lako halikuwa kubwa mno kama wenzako wanavyokucheka. Ubaya wake ni kwamba halisemi maneno gani.

Maana maneno hayalingani. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya kawaida zaidi ya Kiingereza, kama 2,000 hivi. Hayo peke yake hubeba takriban maneno manane katika kila kumi ya kitabu cha masomo. Mwaka 2000 Averil Coxhead, naye wa New Zealand, akatoa orodha ya koo 570 zinazojitokeza sana katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali: "factor", "process", "function", "structure", "occur", "require", "indicate". Hizo hubeba kama neno moja katika kila kumi ya maandishi hayo. Jumlisha uone: kwa koo 2,570 umeshika karibu tisa katika kila kumi. Mwandishi wa kamusi hakuwa na haja na hesabu hiyo. Yeye alipanga kwa alfabeti, na alfabeti haijui lipi litakufaa. Wewe umefika D, umeshakutana na "abscond" na "cantankerous", lakini "however" bado hujaifikia na "therefore" iko mbali kule T. Nakuhakikishia insha yako ijayo itaihitaji "however" kabla ya "cantankerous".

Utajuaje basi maneno yako ya kujifunza? Yachukue mahali yanapoishi. Chukua kitabu cha hadithi, hesabu ukurasa wenye maneno kama 300, uusome ukiweka nukta ya penseli juu ya kila neno usilolijua. Zikiwa nukta sita au pungufu, kitabu hicho ni chako, kisome kwa raha na maneno mengine utayakisia. Zikifika kumi na tano utasoma kwa kujikongoja, lakini utasoma. Zaidi ya hapo kirudishe rafuni, hata kama ndicho kinachosifiwa na kila mtu. Nimeona wanafunzi wakilazimishwa vitabu vya nukta arobaini kwa ukurasa wakaishia kuichukia lugha yenyewe. Na katika hizo nukta zako usichukue zote. Chukua lile lililokukuta mara mbili, au lile ambalo bila yake sentensi haikufunguka. Mengine waache wapite, watarudi kama wana haja nawe.

Nilisema "waache wapite" kana kwamba ni watu. Ni uzee, nisamehe.

Kuhusu kuhifadhi. Maneno 30 kwa siku ndiyo yaliyokuchosha, na hayakukaa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe akahifadhi silabi zisizo na maana, kisha akapima anasahau vipi; aliyachapisha mwaka 1885. Siku moja tu ilitosha kumpoteza zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya. Lakini kila aliporudia, kusahau kulipungua kasi. Wewe hili hulihitaji kutoka kwa Mjerumani. Ulikwenda chuo cha Kurani. Juzuu Amma hukuihifadhi kwa kuandika sura thelathini siku moja ukafunga ubao. Ulipewa aya chache, ukazisoma mpaka zikalegea ulimini, na kesho yake hukupewa mpya kabla ya kuzitoa za jana, na za juzi, bila kutazama. Ukikwama, maalimu alikuacha uhangaike kidogo kabla ya kukudokeza. Kule kuhangaika ndiko kulikofanya kazi. Basi mbona umefika kwenye Kiingereza ukaiacha njia iliyokwisha kukufaa? Daftari lako halijawahi kukuuliza kitu. Unaandika, unafunga, unafungua ukurasa mpya.

Fanya hivi. Nunua manila, ikate vipande vya ukubwa wa karata. Upande mmoja andika sentensi ya Kiingereza uliyoitoa kitabuni, lakini pale penye neno acha pengo, na chini yake dokezo la Kiswahili. Upande wa pili andika neno. Tafuta makopo matatu. Kadi mpya zikae kopo la kwanza, na hilo ulipitie kila siku. Ukilipata neno bila kugeuza, kadi ihamie kopo la pili, la kila siku tatu. Ukilipata tena, la tatu, la kila juma. Ukikosea, hata kama iko kopo la tatu, inarudi la kwanza bila huruma. Utaratibu huu aliueneza mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, mwaka 1972, yeye akitumia sanduku. Makopo ya maziwa yanatosha. Weka maneno sita mapya kwa siku, siku tano kwa juma. Yaani mzigo uliokuwa ukiubeba siku moja, ubebe wiki nzima. Katika majuma 40 hiyo ni 1,200, na hayo utakuwa nayo kweli.

Lakini kwa nini sentensi yenye pengo, si neno na maana yake tu? Hapa nakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wa pwani wanapoanguka, nikiwemo mimi zamani.

Chukua "piga". Twapiga simu, twapiga picha, twapiga pasi, twapiga mswaki, twapiga mbizi, twapiga kelele, na katika yote hayo hakuna aliyechapwa. Mwingereza kwa kila moja ana kitenzi kingine: picha "take", simu "make" au "call", meno "brush", nguo "iron". Ukijifunza kwamba "piga" ni "beat" utaibeba "beat" kila mahali. "Fanya" hali kadhalika: kazi ya nyumbani ni "do", kosa ni "make", na hakuna kanuni itakayokutosheleza kwa nini. "Sikia" kwetu ni ya sikio na ya mwili mzima, kwa hiyo husikia baridi na husikia njaa. Kwa Kiingereza baridi ni "feel" na "hear" ni ya sikio peke yake. "Azima" ndiyo iliyonitia aibu. Nilipokwenda chuo cha ualimu nilimwomba mwenzangu kalamu kwa kumwambia "borrow me your pen", akanitazama kama aliyenisikia nikinena kilugha. Kwetu aombaye na atoaye wote huazima. Kwao aombaye ni "borrow", atoaye ni "lend". Mguu kwetu huanzia nyongani ukaishia vidoleni. Kwao ni vitu viwili, "leg" na "foot", na vidole vyake havishiriki jina na vya mkono.

Hayo yote ni maneno ya darasa la nne. Mwenye kuyashika barabara ataandika insha safi kuliko mwenye madaftari mawili ya A mpaka D. Neno hulijui mpaka ujue linatembea na nani. Ndiyo kazi ya ile sentensi kwenye kadi: inalileta neno pamoja na jamaa zake.

Umesema wataka unesi, basi nikupe mfano wa huko. "Kuuma" kwetu ni kazi ya mbwa na ya tumbo. Mgonjwa kwa Kiingereza hasemi tumbo lamng'ata. Kichwa, jino, sikio, mgongo na tumbo vina "ache": "headache", "toothache", "earache", "backache", "stomach ache". Jicho halina. Macho huwa "sore", au "hurt". Donda lachoma, mguu umekufa ganzi, kifua chabana, mwili wawasha: kila hali na neno lake. Ukianza leo kukusanya maneno ya maumivu, kumi na tano tu, pamoja na sentensi zake, utakuwa umefanya kitu ambacho hata manesi wengine hawakukifanya.

Mtihani wenyewe unasemaje? Karatasi ya kwanza ina kifungu chenye mapengo kumi, na mara nyingi pengo hutaka kijineno: "although", "since", "of", "been". Hakuna pengo linalodai "cantankerous". Karatasi ya pili hukuuliza maana ya maneno kama yalivyotumika kifunguni, si kama yalivyo kwenye kamusi, na hapo aliyezoea kukisia kutokana na jirani za neno humpita aliyekariri. Humo pia mna kufupisha kwa maneno yako mwenyewe. Asiye na "buy" na "purchase" zote mbili hapo hunakili kifungu. Karatasi ya tatu ina ile insha yako, na utungo wa vitabu vilivyoteuliwa. Kwenye vitabu hivyo usikae na muhtasari wa mitaani. Kisome kitabu chenyewe.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye somo la Kiingereza kabisa: maswali ya Biolojia. "State" yataka kutaja tu. "Describe" yataka kueleza kitu kilivyo au kinavyokwenda. "Explain" yataka sababu. "Account for" nayo yataka sababu. Nimewahi kuona mwanafunzi akidhani ameombwa hesabu, akachora jedwali. Aliijua mada vizuri sana. Alama alizikosa kwa Kiingereza. Maneno haya yasizidi kumi na mawili, yaandike kadi leo.

Kuacha Kiswahili na Kiamu nyumbani: usithubutu. Kwanza, huyo mgonjwa utakayemhudumia siku moja huenda akawa bibi wa mtaa wa Mkomani atakayekwambia "mato yaniuma". Wewe ndiye utakayemwelewa, na wewe ndiye utakayeandika kwenye faili yake kwa Kiingereza "sore eyes". Atakayekuwa na Kiingereza kitupu hapo atabaki akitafuta mkalimani. Pili, wewe tangu darasa la kwanza una lugha mbili za kitu kimoja. Nyumbani ni mato, shuleni ni macho. Nyumbani ndia, shuleni njia. Hukuchanganyikiwa. Ulijua lipi la wapi, na huo ndio ujuzi hasa wa ghorofani na barazani niliokuambia. Unao tayari, tatizo hukujua kwamba ni ujuzi.

Tatu, na hili ni la kufurahisha, Kiswahili chako ni ufunguo. Watazame mahamali pale gatini wanaposhusha magunia. Hamali ni mbeba mzigo, na mzizi wake ni wa Kiarabu, h-m-l, kubeba. Kutoka mzizi huo huo tuna himili na stahimili, yaani kubeba uzito wa mambo. Sasa Mwingereza humwita hamali "porter", kutoka kitenzi cha Kilatini cha kubeba. Ukiijua hiyo "port" ya kubeba umeshika "import", kubeba kuingiza, "export", kubeba kutoa, "transport", kubeba kuvusha, "portable", kibebekacho. Na "support"? Ni kubeba kwa chini, kushikilia kitu kisianguke. Lugha mbili zisizo na undugu zimetoka kwenye mzigo wa begani zikafika kwenye mzigo wa moyoni. Mimi hili liliponifunukia nilikuwa nimeshafundisha miaka mingi, na nililala na tabasamu.

Mengine hata hayahitaji ufunguo, ni jamaa waliohama. "Monsoon" ni musimu, neno la Kiarabu lililopitia kwa Wareno likafika kwa Waingereza. Kaskazi na kusi unazozijua wewe kwa harufu wao wamezipa jina letu. "Coffee" na kahawa, "zero" na sifuri, "lemon" na limau, "tariff" na taarifa, "safari" na safari. Ukichoka na kadi, tafuta jamaa hawa, ni mchezo mzuri wa usiku umeme ukikatika.

Kiswahili kitumie hivi: neno jipya likikukuta, maana yake ya Kiswahili iandike bila haya, ni njia ya mkato nzuri na mimi siwaungi mkono walimu wanaoikataza. Ila ukishaingia mlangoni usibaki umeshika kitasa. Baada ya hapo neno lifanye kazi kwa Kiingereza. Jioni, nusu saa, wewe na mwenzako mmoja wa darasa simulianeni kilichotokea siku hiyo, nje ya kadi. Sisemi uende ukingoni mwa bahari kutafuta watalii wa kuzungumza nao. Mwenzako mmoja mkweli anatosha, na hatakusifu bure. Nenda Makumbusho ya Lamu, itazame siwa, lile baragumu kubwa, urudi uieleze kwa sentensi tano mtu asiyewahi kuiona aione. Utagundua mwenyewe maneno gani huna, na neno ulilolikosa wakati unalihitaji ukilipata halitoki tena. Na katika kusimulia chunga "he" na "she". Yeye yetu haina jinsia, na nimewasikia watu wazima, wenye shahada, wakimwita mama yao "he" wakishikwa na hamaki.

Sasa hilo lengo la 5,000 ulifute, uandike mengine ambayo mtu mwingine aweza kuyaona. Kufikia mwisho wa muhula huu, kifungu cha mapengo upate 7 kwa 10 mara tatu mfululizo. Kufikia likizo ya Disemba uwe umemaliza vitabu vinne vya nukta sita. Kila Ijumaa andika aya moja, na ndani yake tumia maneno manne tu kutoka kopo la tatu, kisha umpe mwalimu wako wa Kiingereza akupigie mstari mwekundu. Mwambie nimekutuma. Mwalimu aliyejisumbua kuuliza "nani husema hivi" badala ya kuweka alama ya kosa na kupita ni mwalimu wa kushikwa mkono.

Madaftari yako mawili usiyatupe. Yapitie na penseli, ukitafuta neno lolote ambalo tangu uliandike umelikuta tena mahali pengine, kitabuni, redioni, ubaoni. Hayo yahamishie kadi. Nadhani hayatazidi mia moja. Mengine yalale.

Sentensi ya mama yako, kama bado waitaka: "My mother hurried to the market." Ile "hurried" imebeba kutembea na wepesi vyote viwili, na mama amefika.

Na kamusi ya baba. Mshukuru, kisha mwombe asinunue ile kubwa. Hiyo imeandikwa kwa Waingereza, neno gumu wanalieleza kwa magumu mawili. Anunue kamusi ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, ya kadiri, hata iliyokwisha kutumika. Hizo hueleza kila neno kwa kutumia maneno ya kawaida kama 2,000 au 3,000, na chini ya neno huweka sentensi za mfano. Dukani fungua kwanza "lend". Ukikuta sentensi inayoonyesha nani anampa nani, lipia. Ukikuta "azima" peke yake, irudishe. Chenji itakayobaki inunue hadithi mbili na karatasi nne za manila.